Bunduki Moja, Risasi Saba

Babu alipofariki mwaka 2017, mali yake iliandikwa kwenye daftari la skuli. Ami yangu mkubwa alishika kalamu, shangazi akawa anakumbusha. Mikarafuu, kipando kwa kipando. Minazi iliyobaki. Nyumba ya kijijini, nje kidogo ya Konde, Pemba. Ng'ombe wawili, mmoja ana mimba. Baiskeli, sanduku la vitabu vya dini, mashoka mawili. Halafu chini kabisa, kwa mwandiko uleule uliotulia: bunduki moja, risasi saba.

Sheikh aliyekuja kutupigia hesabu ya mafungu aliisoma orodha taratibu mpaka akafika hapo. Akavua miwani. "Hii mmeithamini kwa kiasi gani?" akauliza. Hakuna aliyemjibu. Mkarafuu una bei yake, ng'ombe ana bei yake, hata shoka kuukuu halikosi mnunuzi. Bunduki tuliiona maisha yetu yote, na hakuna kati yetu aliyewahi kujiuliza itakwenda kwa nani.

Ilikuwa bunduki ya marisau, ya mtutu mmoja, kitako kimezungushwa waya wa shaba pale kilipopasuka. Babu aliiweka juu ya boriti, imefungwa gunia la karafuu, na risasi akaziweka mbali nayo, ndani ya kopo la maziwa ya unga. Kazi yake ilikuwa tumbili. Mashamba ya upande ule yako karibu na msitu wa Ngezi, na anayepanda muhogo huko anajua kwamba ana mbia asiyeshika jembe. Mlio wake niliusikia mara tatu tu. Harufu ndiyo ninayoikumbuka zaidi: mafuta ya nazi na moshi mkavu, kama jiko lililozimwa kwa haraka.

Kibali chake kilikaa ndani ya mfuko wa nailoni, kimekunjwa mara nne, mihuri ya miaka imepandana. Kila ulipofika wakati wa kukilipia, babu alivaa kanzu na koti, akapanda gari ya Wete asubuhi, akarudi jioni. Nilipokuwa mdogo nilidhani anakwenda hospitali.

Ami alisema bunduki ibaki kwake, kwa kuwa yeye ndiye atakayeendelea kulima. Kwa akili ya shamba, hoja yake ilikuwa nzito. Akampigia simu askari mmoja anayejuana naye, akamwuliza utaratibu wa kubadilisha jina. Jibu lilikuwa fupi: "Mzee wangu, kibali kilikuwa cha marehemu. Marehemu hayupo, na kibali hakipo. Hicho mnachokaa nacho nyumbani sasa ni silaha isiyo na mwenyewe. Ileteni." Ami akiitaka, aanze upya kwa jina lake: maombi, kamati za ulinzi na usalama, polisi, kuchunguzwa tabia yake na sababu zake.

Sheria iliyokuwa ikitumika ilikuwa bado changa, ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyoifuta ile ya 1991. Polisi ni jambo la Muungano, kwa hiyo mkulima wa Konde na mkulima wa Songea wanabisha hodi kwa jeshi moja. Hilo si dogo, maana mambo mengine mengi tunayo wenyewe: Mahakama Kuu yetu, sheria yetu ya makosa ya jinai, hata sheria ya uvuvi, ambayo imepiga marufuku bunduki ya kuchomea samaki. (Mtoto wa pwani ukimtajia bunduki, mara nyingi hiyo ya kuzamia ndiyo inayomjia kwanza.)

Usiku ule habari ikafika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na hapo ndipo nilipoanza kuifikiria bunduki kwa namna ambayo sijaiacha hadi leo.

Mtoto wa ami anayeishi Columbus, Ohio, alikuwa wa kwanza kuandika. Kwa nini polisi wanaingia kwenye mirathi? Huko kwake, akasema, mfanyakazi mwenzake alifiwa na baba, akabeba bunduki nne za mzee kwenye buti la gari, akaenda nazo nyumbani. Hakusaini karatasi hata moja. Mwingine, aliyeko London, akashangaa. Kwao hata bunduki ya marisau inataka cheti cha polisi, na askari anakuja nyumbani kuliangalia kabati la chuma linalofungwa kwa ufunguo. Akaongeza kwamba bastola ndiyo kabisa, raia haruhusiwi kuwa nayo, isipokuwa Ireland ya Kaskazini, ambako sheria ya kupiga marufuku haikufika. Nchi moja, mfalme mmoja, na ukivuka mkono wa bahari sheria inabadilika. Mtu wa visiwani hahitaji kuelezwa sana jambo hilo.

Watu wa damu moja, wajukuu wa mzee mmoja, na kila mmoja aliizungumza sheria ya mahali anapolala kana kwamba imeshuka pamoja na mvua.

Tofauti yao ilianza kwenye neno lenyewe. Sisi tunasema kibali. Kibali huombwa, hutolewa, hulipiwa, hunyang'anywa. Marekani wanasema haki, na haki hiyo imeandikwa kwenye katiba yao tangu 1791, mwaka ambao bunduki ilikuwa inajazwa baruti kwa mdomo wa mtutu. Kwa miaka mingi watu walibishana kama haki hiyo ni ya wanamgambo au ya mtu mmoja mmoja. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ikasema ni ya mtu mmoja mmoja. Tarehe 23 Juni 2022 ikaiangusha sheria ya New York, yenye mizizi ya mwaka 1911, iliyomtaka mtu aonyeshe sababu maalumu kabla ya kuruhusiwa kutembea na bastola. Siku mbili baadaye, tarehe 25, Rais Biden akasaini sheria ya kukaza masharti kwa wanunuzi wenye umri chini ya miaka 21, mwezi mmoja baada ya watoto 19 na walimu wawili kuuawa skuli huko Uvalde, Texas. Wiki moja hiyohiyo mkono mmoja ulilegeza na mwingine ukakaza.

Nayasema haya bila kuwadharau. Nina watoto wa ndugu zangu huko. Siku moja binti wa huyo wa Columbus, wakati huo ana miaka saba, alimpigia bibi yake simu ya video, akamsimulia kwamba leo skuli wamejifunza kukaa gizani bila kutoa sauti, chini ya meza, mlango umefungwa. Bibi akamwuliza, "Umeme ulikatika, mwanangu?" Mtoto akasema hapana, wanajifunza kwa ajili ya mtu akija na bunduki. Bibi akaitazama simu muda mrefu, kisha akanipa mimi niendelee kuzungumza.

Baada ya simu ile nilitaka kujua bunduki hizo hutoka wapi, nikaanza kusoma. Nilichokuta mara kwa mara ni kile ninachokiita mkono wa pili. Mwenye bunduki wa kwanza mara nyingi ni mtu kama babu yangu: anajulikana, anaitunza, ana sababu. Mashaka huanza inapotoka kwake. Kule skuli ya Sandy Hook, Marekani, Desemba 2012, kijana aliyewaua watoto 20 na watu wazima 6 alitumia bunduki za mama yake, alizozinunua kihalali. Miezi minne baadaye Baraza la Senati lilipigia kura pendekezo la kutaka wanunuzi wengi zaidi wachunguzwe, hata wanaouziana wao kwa wao kwenye maonyesho ya silaha na mitandaoni. Kura 54 ziliunga mkono, 46 zikapinga, na kwa kuwa zilihitajika 60, likafa. Ohio hadi leo mtu akimuuzia jirani yake bunduki, wanamalizana mlangoni.

Wengine walijibu tofauti. Australia, tarehe 28 Aprili 1996, watu 35 waliuawa Port Arthur. Mambo ya bunduki huko yalikuwa chini ya majimbo, kila jimbo na sheria yake, na silaha zikapita kutoka jimbo legevu kwenda jimbo kali. Waziri Mkuu John Howard alikuwa na miezi miwili tu madarakani, tena wa upande wa kihafidhina, uliotegemea kura za wakulima wengi wenye bunduki. Katika siku 12 majimbo yote yakakubali masharti mamoja, na serikali ikanunua na kuharibu bunduki zipatazo 650,000. Uingereza, mwezi mmoja na nusu kabla ya hapo, mtu mwenye bastola za kibali aliwaua watoto 16 na mwalimu wao huko Dunblane, na kufikia mwisho wa 1997 sheria za kupiga marufuku bastola za raia zikawa zimepitishwa kwa England, Scotland na Wales.

Na New Zealand. Hapa siwezi kuandika haraka. Ijumaa ya tarehe 15 Machi 2019 waumini walikuwa wamekwishatawadha, wamekaa kwenye safu. Mzee mmoja mlangoni pa msikiti wa Al Noor alimkaribisha muuaji kwa kumwita ndugu. Watu 51 walikufa katika misikiti miwili. Hapa Pemba tulisali sala ya ghaibu, na nakumbuka imamu alishindwa kuimaliza dua. Bunge lao lilipitisha sheria mpya tarehe 10 Aprili, haijatimia hata wiki ya nne, kwa kura 119 dhidi ya moja. Bunduki zaidi ya 56,000 zikarudishwa kabla mwaka haujaisha.

Lakini kuna jambo moja ambalo habari nyingi zililipita juu juu. Muuaji alikuwa raia wa Australia. Alikuwa ametoka katika nchi ambayo tangu 1996 ilikuwa imewazuia watu kama yeye kununua bunduki za kufyatua mfululizo za aina ile, akahamia New Zealand mwaka 2017, na huko akapata leseni na kuzinunua. Ukuta wa Australia ulisimama imara. Yeye alivuka tu bahari.

Nilipofika hapo nikakumbuka kisa chetu wenyewe, na sisi Wazanzibari hatukisimulii.

Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, kule Maskati. Wamarekani walipewa uhuru wa kuuza bidhaa zao katika bandari zote za Sultani kwa bei watakayokubaliana na mnunuzi. Kikawekwa kipengele kimoja cha tofauti: bunduki, baruti na risasi katika kisiwa cha Unguja zitauzwa kwa serikali peke yake. Katika bandari nyingine zote za Sultani ziuzwe bila kizuizi, kwa atakayetoa bei kubwa.

Nilikisoma kipengele kile mara nyingi. Aliyekiandika alijua vizuri sana bunduki hufanya nini mtaani. Ndiyo maana hakuitaka mlangoni kwake. Bagamoyo, Kilwa, Pangani, huko iende, na kutoka huko ikapanda bara kwenye vichwa vya wapagazi, ikashuka pembe na watumwa. Hamed bin Muhammed, ambaye nyumba yake bado imesimama Mji Mkongwe, alieleza mwenyewe kwamba jina la Tippu Tip alipewa bara kwa kuigiza mlio wa bunduki zake. Kufikia 1888 balozi wa Uingereza aliyekuwa Unguja alikadiria kwamba silaha kati ya 80,000 na 100,000 zinaingia bara kwa mwaka kupitia kwetu. Sheria ya kisiwa ilikuwa nzuri kwa kisiwa. Mkono wa pili ulikuwa ng'ambo, na kilio chake hakikusikika Forodhani.

Sioni tofauti kubwa kati ya hilo na yanayotokea Meksiko leo. Nchi nzima, kwa miongo mingi, ilikuwa na duka moja tu halali la kuuza bunduki, tena la jeshi, ndani ya kambi. Na bado magenge yake yamejaa silaha zilizonunuliwa madukani Texas na Arizona. Serikali ya Meksiko ikawashtaki watengenezaji wa Kimarekani, na Juni 2025 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani wakaikataa kesi. Mkulima wa Sinaloa anaishi chini ya sheria mbili, ya kwao na ya jirani, na ya jirani ndiyo inayomfikia usiku.

Wala wazuiaji hawakuwa wema siku zote. Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels, Zanzibar ikiwemo, yaliafikiana kuzuia silaha zisiingie Afrika kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini. Kwenye karatasi ilikuwa ni kupambana na biashara ya watumwa, na kwa kweli sehemu yake ilikuwa hivyo. Lakini miaka miwili kabla, pwani yetu ilikuwa imesimama na Abushiri dhidi ya Wajerumani, na meli za Ujerumani na Uingereza zikaifunga bahari ili bunduki zisipite. Bara liligawanywa likiwa limepokonywa silaha. Waliopigana Maji Maji mwaka 1905 walikwenda na dawa ya maji kwenye bunduki za rashasha. Kenya, Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alipohukumiwa kifo mwaka 1956, kosa lililomnyonga lilikuwa kupatikana na bastola. Aliuawa tarehe 18 Februari 1957. Kwa hiyo mtu wa Afrika Mashariki anapoishuku sheria ya silaha simshangai. Sheria hizi tulizirithi kwa watu waliotuogopa.

Na Wapemba tunajua lingine. Risasi zilizotuumiza zaidi hazikuwa za wakulima wenye bunduki za tumbili. Wengi wa waliokufa katika siku za maandamano, tarehe 26 na 27 Januari 2001, walipigwa na vyombo vya dola. Sheria ya vibali haina la kusema juu ya bunduki hizo, na mimi siamini kwamba nchi imemaliza suala la silaha kwa kuhesabu za raia peke yake.

Hata hivyo, nikiambiwa nichague, nachagua kibali. Nachagua nchi inayouliza: ukifa, hii itakwenda wapi? Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo Tanzania imeisaini pamoja na majirani, inataka mambo ambayo kwa msomaji yanaonekana madogo: kila silaha ichongwe alama, iandikwe kwenye daftari, na sheria za nchi hizi zikaribiane ili isiwepo bandari moja iliyo wazi. Ningependa mtu aliyekaa Unguja mwaka 1833 angeulizwa hayo.

Narudi kwa babu. Tulibishana siku tatu. Ami hakuwa mkaidi, alikuwa na shamba. Alikuwa amekwishaanza kuulizia picha za pasipoti na barua ya sheha. Aliyelimaliza suala ni shangazi, ambaye wakati wote alikuwa akipepeta mchele ukumbini na sisi tukidhani hasikilizi. Alikuja akakaa mbele ya sheikh, ungo bado mkononi.

"Sheikh, mimi katika kila kitu cha baba nina fungu?"

"Unalo."

"Hata kwenye bunduki?"

Sheikh akafikiri. "Kama ni mali, unalo."

"Basi fungu langu nalitaka, na sitaki thamani yake. Nalipeleka polisi. Kaka na achukue linalobaki."

Ami alimtazama, akainamisha kichwa, akacheka kidogo kwa namna ya mtu aliyeshikwa. Baadaye shangazi aliniambia sababu. Mtoto mkubwa wa ami, kijana mzuri ambaye sote tunampenda, alikuwa wakati ule akipigana na ulevi. "Kaka namwamini," alisema. "Lakini boriti ile kila mtu anaifikia."

Tulikodi gari, maana askari alisema tusipande nayo gari ya abiria. Sheha alikaa mbele na barua yake, ami na mimi nyuma, gunia katikati yetu. Kituoni askari kijana alitandika gazeti juu ya meza, akalifungua gunia, akaikunja bunduki katikati na kuchungulia mtutu dhidi ya mwanga wa dirisha. Akatuita tuangalie. Ndani, karibu na mdomo, nyigu alikuwa amejenga nyumba yake ya udongo, na udongo umekauka kabisa. Mtu angeifyatua vile ingempasukia usoni. Miezi yote ya ugonjwa wa babu hakuna aliyeishusha.

Akahesabu risasi mara mbili, saba na saba. Akaandika namba iliyochongwa kwenye chuma, tarakimu moja moja, akimsomea mwenzake aandike kwenye daftari kubwa. Ami alisaini. Tukapewa stakabadhi, na ami akaiweka katika mfuko uleule wa nailoni, pamoja na kibali cha babu.

Siku hizi nikilala kijijini naamshwa kabla ya jua na mlio wa debe. Ami anazunguka shamba na fimbo, mbwa wawili mbele yake, akipiga na kupiga kelele hadi upande wa msituni. Tumbili wanakimbia, wanakaa juu ya miti wakimtazama, na akishaingia ndani kunywa chai wanarudi. Muhogo wanaula. Mwaka jana aliongeza ngwe mbili.